Matundu Kwenye Koti la Mwalimu

Fundi alikunywa pombe miaka kumi na moja, na wala si kunywa kwa kuonjaonja. Alikunywa mpaka akawa anarudi nyumbani kwa kushika kuta. Na bado, ajabu ya maajabu, wateja hawakumkimbia. Nguo zilitoka dukani kwake kola imelala, pindo limenyooka. Mwenyewe akijigamba baa, glasi mkononi: "Mimi nalewa, mkono wangu haulewi!" Walevi wenzake wakacheka, wakamwongezea nyingine.

Aliacha baada ya kulazwa wiki tatu. Alitetemeka, alitapika, akawatukana wauguzi, kisha akawaomba radhi mmoja mmoja. Daktari alimtisha kwa habari za ini, lakini tusidanganyane, ini halikumbadilisha. Aliacha kwa ajili ya mkewe. Mama huyu alikuwa amehamia siku nyingi chumba cha watoto, ambao walishakua na kwenda kwao. Alimpikia, alimfulia, ila usoni hamtazami. Fundi alitaka kitu kimoja tu hapa duniani: mkewe amtazame tena kama mume. Alidhani akishatoka kwenye chupa atamkuta mlangoni, anamsubiri.

Mwezi wa saba tangu aache, akili ikatulia. Akawa anasikia hata saa ya ukutani ikigonga. Asubuhi moja mwalimu mkuu akaingia na koti alilomshonea miaka sita nyuma.

"Fundi, koti limesinyaa."

"Koti halisinyai, mwalimu. Tumbo ndilo limepandishwa cheo."

Wakacheka, mwalimu akaenda zake. Fundi akaligeuza koti, akafumua bitana apate pa kuongezea. Alianza kwa kutabasamu, maana nani asiyependa kuiona kazi yake ya zamani? Tabasamu likamfia mdomoni.

Kila fundi ana mkono wake. Yeye tangu ujanani humaliza mshono kwa kurudisha cherehani nyuma mara tatu. Mshono huu uliishia kwenye fundo dogo la mkono, safi. Na pembeni yake kulikuwa na mstari mwingine usio na uzi, matundu matupu ya sindano. Matundu yalipanda, yakashuka, yakaenda upogo mpaka karibu na mfuko. Uzi unafumuliwa, lakini kitambaa kizito kama kile tundu hakilisahau. Mtu alishona ovyo, mtu mwingine akafumua na kushona upya. Na mlevi katika duka lile alikuwa mmoja.

Akaingia nyumbani, nyuma ya duka, akakimbilia kabatini, akatoa suruali yake mwenyewe, ile aliyoivaa kwenye harusi ya binti yao na kuisifu mbele ya wakwe mpaka wakachoka. Akaigeuza. Fundo dogo la mkono, na matundu pembeni. Lo! Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Laiti angekuwa amelewa, angesema ni panya, akacheka, yakaisha.

Mkewe alikuwa chumba cha watoto, anakunja nguo.

"Mama watoto, ulikuwa unafumua kazi zangu?"

"Kila alfajiri. Wewe unakoroma, mimi nashona."

"Miaka yote hiyo? Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia mara nne. Mara ya nne ulinirushia mkasi." Akamwonyesha kovu kwenye kiwiko. Fundi hakulikumbuka. Alilitazama kovu lile akaona haya kuendelea kulitazama.

"Nisamehe, mke wangu. Nimekosa, tena sana. Fundi wa nyumba hii ni wewe. Tutaweka cherehani mbili, jina lako juu, mimi nitatia vifungo tu." Alisema kwa moyo wote, machozi yakimtoka.

Hapo mkewe akamtazama usoni. Ndiyo, alimtazama sawasawa, kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Fundi akashusha pumzi.

"Baba watoto," akasema taratibu, "mimi naondoka. Nimepata chumba na cherehani."

"Unaondoka? Sasa hivi nilipoacha pombe?"

"Kwa sababu umeacha. Mlevi haachwi. Ningekuacha ungekufa mtaroni, na mimi ningelala na maiti yako kichwani mpaka uzeeni. Nilijiambia, siku akisimama kwa miguu yake, nitakwenda. Nimesubiri miezi saba nione kama utaanguka. Hukuanguka."

Fundi akaketi kwenye kitanda cha watoto.

"Kwa hiyo ningeendelea kunywa, ungebaki?"

Mkewe akaikunja nguo ya mwisho.

"Ningebaki," akasema. "Na ningekuchukia mpaka kaburini."

Akafunga zipu ya begi. Lilikuwa zito, na kiwiko kile kilikuwa hakinyooki vizuri. Fundi akanyanyuka, akalichukua, akambebea mpaka barabarani. Alitembea wima, hatua zake sawasawa, mkewe pembeni yake.

Majirani wawili waliokuwa wakianika nguo wakaacha kazi yao kuwatazama.

"Jamani, Fundi kapona," mmoja akasema. "Ona, hata begi la mkewe anabeba. Yule mama naye sasa atapumzika."