Shemeji Achagua Mahindi

Mume wa dada yangu hufanya kazi ofisini Nairobi, na kila akija kwetu Nchiru huja na somo. Mwaka mmoja alitufundisha kufuga sungura. Mwaka uliofuata alimfundisha mama yangu kukamua, mama ambaye alikuwa akikamua ng'ombe kabla yeye hajaota meno. Agosti iliyopita ikawa zamu ya mahindi.

"Nyinyi huku mnatafuna mahindi magumu kama changarawe," aliniambia. "Kuna switikoni. Ya njano, laini, tamu kama sukari. Shida ni kwamba watu hawajui kuchagua."

Yeye alijua. Alikuwa ametazama video.

Basi Jumamosi tukaenda sokoni Meru mjini, mimi nimebeba kikapu, yeye kabeba elimu. Kwenye rundo la kwanza la mahindi mabichi aliinua hindi, akalimenya hadi kiunoni, akalinusa, akalirudisha. Akachukua jingine. Mama muuzaji alimvumilia kwa muda, kisha akauliza, "Baba, huyo ukishamvua nguo hivyo, utamwoa ama unamwachia nani?"

Akina mama wa karibu wakaangua kicheko. Shemeji hakucheka. Alisema anafuata utaratibu.

Kando ya meza palikuwa na gunia la mahindi ya njano, maganda yake yameanza kukauka kama karatasi. Macho ya shemeji yakang'aa.

"Hayo ni ya ng'ombe," muuzaji akamwambia. "Ya watu ni haya."

Shemeji akanigeukia kwa huruma. "Unaona? Mali wanayo, ila hawaijui."

"Bonyeza punje na ukucha kwanza, shemeji," nikasema. "Ikitoa maziwa, ni mbichi."

"Hayo ni mambo ya zamani. Siku hizi tunaangalia rangi."

Nikamshikia kikapu akayajaza, akalipa. Mtu anayekwenda shimoni huku akikuhutubia hashikwi shati.

Nyumbani, mama yangu aliyachemsha kuanzia mchana. Kuni zikaongezwa, maji yakaongezwa, punje zikabaki vilevile. Jioni akatuletea mimi, dada na mumewe kwenye sinia, akaketi mbali kidogo na mkwe wake, kama adabu ya kwetu inavyotaka. Mama mkwe hamcheki mkwe, hata mkwe akianguka mtaroni. Mama akauma. Sote tukasikia mlio.

"Ni mazuri, mkwe wangu," akasema, ameshika shavu. "Yana nguvu."

Shemeji alikuwa akitafuna kama mtu aliyeajiriwa kutafuna. Alipopata nafasi ya kumeza, akaeleza kwamba tatizo ni maji ya Meru.

Hapo ndipo dada yangu alipocheka. Miaka yote ya ndoa yake amesahihishwa anavyosonga ugali, anavyokunja mashati, anavyozungumza na walimu wa watoto wake mwenyewe, na hatujawahi kumsikia akijibu. Sasa alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye kiti, akakaa sakafuni, machozi yakimtiririka.

"Baba watoto," akasema alipopata pumzi, "umetulisha chakula cha ng'ombe!"

Mama akajifunika uso kwa leso, mabega yakimtikisika, akasema moshi wa jikoni umemwingia machoni. Moshi ulikuwa umeisha zamani. Shemeji akasimama, akaenda kuketi ndani ya gari lake na hindi lake mkononi, maana kuliacha mezani kungekuwa kukubali.

Kesho yake, tulipotoka kanisani, dada aliingia shambani kwa mama kuchuma mahindi ya kurudi nayo Nairobi. Shemeji akamfuata na gunia. Dada hakumenya hata moja. Alitafuta yale ambayo ndevu zake zimekauka na kuwa kahawia huku ganda likiwa bado kijani, akabana ncha kwa vidole, na palipojaa, akavunja.

"Umejuaje hilo limejaa?" shemeji akauliza. Lilikuwa swali. Mimi sikuwa nimewahi kumsikia akiuliza swali ambalo jibu lake hakuwa nalo tayari.

"Shika hapa," dada akamwambia.

Akashika. Akashika na jingine, na jingine, wala hakueleza kitu mpaka gunia likajaa. Mama, aliyekuwa amesimama nami mlangoni akiwatazama, alisema kwa sauti ya chini kwamba Mungu hujibu maombi, ila huchukua muda wake.