Posa ya Aline kwenye Nyumba ya Ghorofa

Siku ya kwanza kazini sikuonyeshwa nyumba hata moja. Shefu wetu, aliyewaongoza makomisioneri wa mtaa wa Buyenzi akiwa amekaa kwenye benchi mbele ya duka la vitenge, alinitazama viatu kwanza, kisha uso.

"We dada, ivyo viatu vitafika Kanyosha kwa miguu?"

"Vitafika, Shefu."

"Basi anza na Kanyosha. Kuna mama anatafuta nyumba. Usimuulize anataka nyumba gani, atakudanganya. Kunywa chai yake, uone anaishi namna gani. Nyumba tutamutafutia kisha."

Komisioneri, kwa vijana mliokulia kwenye simu, ni mtu anayemkutanisha mwenye nyumba na mpangaji. Picha hatukuwa nazo. Tulikuwa na miguu na mdomo. Shefu alinifundisha aina za nyumba kama mwalimu wa darasa la kwanza. Kipangu ni nyumba iliyozungukwa na ukuta, yenye ua na geti lake. Aneksi ni kinyumba kilichojengwa nyuma ya nyumba kubwa, ndani ya ukuta uleule; anayekaa humo huamshwa na redio ya mwenye nyumba, apende asipende. Etaji ni jengo la ghorofa, ambamo miguu ya jirani iko juu ya kichwa chako.

Kutoka Buyenzi nilitumwa Kanyosha, ambako wateja walikagua udongo wa kulima nyuma ya nyumba kabla ya kuingia vyumbani. Kisha Musaga, ambako swali la kwanza lilikuwa basi linasimama wapi. Hatimaye nikapandishwa cheo hadi Mutanga Sud, karibu na chuo kikuu, ambako kila mtu alisema anataka utulivu. Niliwaamini mpaka nilipompata mwalimu wa kwaya, mtu wa Bukavu, aliyekataa nyumba baada ya nyumba kwa sababu ya kelele za majirani. Nilipompatia mtaa wa kimya kabisa alinishika mikono yote miwili, akaniita Tantine, yaani shangazi, kama wateja wengine.

"Tantine, Mungu akubariki! Hapa sasa kwaya yangu itasikika."

Lakini nyumba ninayoikumbuka zaidi ni ile ya Papa Aline, mstaafu wa benki, niliyeshughulika naye nilipokaribia kuacha kazi. Alikuwa na kipangu chake cha kupanga Musaga, chenye ua ambao mkewe, Mama Aline, aliujaza viti, kuku na ndugu kutoka mikoani. Binti yao Aline alikuwa amepata mchumba, na wakwe walitarajiwa kuja kuposa. Papa Aline akataka wakute watu wa kisasa.

"Etaji," aliniambia. "Mutanga Sud. Iwe na bakoni."

"Na wageni utawapokelea wapi, Papa?"

"Saloni, sebuleni. Kwani wakwe ni ngombe, wanataka uwanja?"

Mama Aline alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho. "Tantine, mupe etaji yake," alisema. "Mi nitabeba viti vyangu."

Wakahamia ghorofa ya tatu. Viti vya plastiki vikapangwa bakoni, kwenye kile kibaraza cha nje cha ghorofani, kimoja juu ya kingine, hata mlango wake haukufunguka vizuri.

Siku ya posa nilialikwa. Msomaji asiye wa kwetu ajue kwamba wageni wa posa hawasemi shida yao getini. Msemaji wao huzungusha maneno, na mwenyeji humjibu kwa maneno ya kuzunguka vilevile. Anayewajibu na kuwaingiza ndiye mwenyeji wao. Mkishakaa kwake na kupewa kinywaji, kuinuka kwenda kwa mtu mwingine ni kumtukana.

Tukiwa juu tulimsikia zamu, mlinzi wa jengo, akiuliza: "Munaenda kwa nani?"

"Sisi tumepoteza ndama wetu," msemaji akajibu kwa sauti nzito. "Nyayo zake zimeishia kwenye geti hili."

"Hapa akuna ngombe, muzee. Iko magari tu."

Papa Aline alikuwa bado anapambana na tai. Kabla hajaufikia mlango, sauti nyingine ikapanda kutoka chini.

"We zamu, nyamaza! Wageni, ndama wenu nimemuona. Anakula vizuri, anawaulizia ninyi. Ingieni!"

Alikuwa Mzee Ramadhani, fundi cherehani wa Buyenzi, ambaye mwanawe alimleta kukaa naye ghorofa ya chini. Tangu afike pale hakuwa amepata mtu wa kuongea naye zaidi ya salamu. Aliposikia maneno mazuri namna ile, hakuweza kujizuia.

Aline akachungulia. "Mama! Wakwe wanaingia kwa Mzee Ramadhani!"

"Nashuka niwaambie wamekosea," Papa Aline akasema.

"Shuka useme ivyo," mkewe akamjibu, "umuaibishe muzee wa watu, na wakwe waseme tumewachezea. Watarudi kwao, na mutoto atabaki hapa na bakoni yako."

Aline akaanza kulia. Mama Aline hakulia. "Beba viti," alimwambia mumewe. "Na weye Tantine, beba."

Tukashuka ngazi na viti mpaka kwenye maegesho, tukavipanga katikati ya magari. Papa Aline, ndani ya suti, alibeba vingi kuliko wote na kunung'unika kuliko wote. Kisha Mama Aline akasimama mlangoni pa Mzee Ramadhani.

"Wageni wetu, poleni. Tulimutuma muzee wetu awapokee, sisi tukitandika huku inje. Karibuni."

Mzee Ramadhani alimtazama kidogo tu. "Ndiyo, nilitumwa," akasema, na kutangulia kutoka.

Msemaji wa wakwe akatazama magari, akatazama viti, akamtazama Papa Aline aliyekuwa analowa jasho.

"Na ndama?"

"Yuko juu, anajipamba," akajibu Mzee Ramadhani. "Au kwenu mulizoea wale wasiojipamba?"

Msemaji akacheka mpaka akakaa. Bia ikaenda upande wa wageni, soda ikabaki kwa Mzee Ramadhani. Jirani aliyekuja kutoa gari lake akapewa chupa, naye akakaa. Posa ikapokelewa.

Papa Aline aliponipigia simu baadaye alisema neno moja: "Kipangu." Nyuma yake nilisikia Mzee Ramadhani: "Na aneksi, Tantine, iwe karibu na geti!" Nikawapatia Kanyosha.

Sasa nimepumzika. Makomisioneri wa leo hutuma video ya vigae na bomba la bafuni, na mteja huchagua akiwa kitandani. Sina ubishi nao. Nawaomba tu wamuulize mteja nani huja kwake, na huja wangapi.

Aline aliolewa vizuri. Baba yake huwasimulia watu hadi leo kwamba kupokelea wakwe kwenye maegesho lilikuwa wazo lake. Mkewe huendelea kuchambua mchele.