Siku Baba Alipomnyima Ondieki Kiti

Iko siku moja siisahau, mwanangu. Nilikuwa msichana, tukikaa kambi ya shamba la chai karibu na Sotik, na Ondieki, mchuma chai mwenzangu, alikuwa amekuja kuniposa. Baba hakumpa hata kiti. Babake Ondieki alikuwa mlevi, aliwahi kumvunja mkewe mkono, na kambi nzima ilijua.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," Baba akasema, akafunga mlango.

Nilikwenda kulia kwa Mama Rispa, mjane wa kutoka upande wa ziwa, aliyeosha vioo vya maabara ya mzungu mmoja, mtaalamu wa mimea. Akanipeleka huko kazini, nadhani anisahaulishe machozi tu. Nikachungulia kwenye hadubini: ncha ya mzizi wa kitunguu, na ndani ya baadhi ya seli, vijiuzi vilivyotiwa rangi. Mtaalamu akasema urithi wa mmea umo humo, na vya mzizi ndivyo vile vile vya jani.

Mama Rispa akauliza, "Kama ni vile vile, mbona mzizi si jani?"

Mtaalamu akakuna kichwa. "Hilo sijui, mama. Hakuna anayejua bado."

Jioni nikamwambia Baba, "Hata msomi hajui urithi unafanyaje kazi. Tafadhali, mwangalie Ondieki mwenyewe."

Sikuwa nimewahi kumjibu Baba. Kesho yake akamwita Ondieki wakalime pamoja, wakaendelea hivyo mpaka mahindi yakakomaa. Mwishowe Baba akasema, "Huyu ananishinda subira." Nikaolewa. Nimezeeka naye, na mkono wake sijauogopa hata siku moja.

Juzi ulinisomea jibu alilolikosa yule mtaalamu: DNA ni uzi mrefu mno, umezungushwa kwenye protini ndipo ukatoshea ndani ya seli. Palipokazwa sana hapasomeki. Palipolegezwa, seli husoma. Ndiyo maana urithi ni mmoja, na mzizi si jani. Sisemi ulevi na upole wa mtu vimo humo. Hayo nawaachia ninyi mnaosoma.

Langu ni hili: usimkatae mtu kwa ukoo wake, wala usimkubali kwa ukoo wake. Mtazame anavyomtendea asiyeweza kumrudishia. Na ukitatizwa, uliza hata mbele ya wakubwa. Kuuliza si ujinga.

Mungu akujalie nyumba isiyo na hofu, mwanangu, na wanao wasibebeshwe makosa wasiyoyatenda.