Mzingo wa Shamba la Mbula

Mwaka wa 1981, Mbula wa Kalamba alikuwa tayari na wajukuu alipoingia darasa la ngumbaru. Walisomea kanisani, alasiri, na mwalimu wao, Kilonzo, alikuwa rika la kifungua mimba wake. Kusoma kulimtoa jasho, lakini hesabu aliipenda. Hata akipika alijumlisha kwa sauti, mumewe Nzioka akimcheka.

Msimu huo mbuzi wa majirani walikuwa wakiwamalizia kunde, kwa hivyo yeye na Nzioka waliamua kuzungushia shamba ua wa mkonge. Kilonzo alikuwa amewafundisha mzingo wa mstatili: urefu jumlisha upana, mara mbili. Mbula akapima upande mrefu na upande mfupi, akapiga hesabu, akampelekea jibu. Mwalimu akamwuliza shamba lina umbo gani. Mbula akalichora mchangani kwa kijiti: huku limeliwa na korongo, kule linakwepa jabali.

"Hili si mstatili, mama," Kilonzo akasema. "Lina pande tano, na hakuna unaolingana na mwenzake. Pima kila upande, usiruke hata mmoja, kisha ujumlishe."

Asubuhi Nzioka alishika ncha moja ya kamba, Mbula nyingine. Walianzia kwenye jabali, wakazunguka wakikwaruzwa na miiba mpaka wakarudi pale pale. Mita 38, 24, 41, 17, kisha 30. Mbula akajumlisha papo hapo, akarudia kuhakikisha: mia moja na hamsini. Mche mmoja kila mita, basi miche mia moja na hamsini.

Nzioka alitaka waongeze mingine ya akiba. Mbula akakataa; hesabu, alisema, imefika ilikoanzia.

Jumamosi wanawake wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana kazi, wakaja na majembe. Nusu yao walipanda kwa kulia, nusu kwa kushoto, wakiimba. Mbula alizunguka kati yao roho juu, akichungulia vikapu. Makundi yalipokutana ng'ambo ya pili, palibaki shimo moja na mche mmoja.

Mutindi, kiongozi wao, akamkabidhi. "Huu ni wako."

Mbula akapiga magoti, akaupanda. Vigelegele vilianza kabla hajainuka, na aliyepiga kwa sauti zaidi ni Nzioka, hata wanawake wakamcheka.

Wiki iliyofuata Mutindi alimwita akampimie shamba lake, lenye pande saba. Mbula akaenda akiwa amevaa nguo yake ya kanisani.