Pacha Haliliwi

Nilipokuwa mtoto huko Kindu, enzi za Zaire, nilikatazwa kumlilia dada yangu. Tulikuwa mapacha: yeye Mbuyi, mimi Kabanga. Baba alikuwa ametoka Kasai kufanya kazi ya reli, na Kaku, nyanya yetu, alimfuata na desturi za kwao. Surua ilipomchukua Mbuyi, Kaku aliketi nami mkekani akanishika kidevu.

"Pacha hakufake, Kabanga. Mbuyi amerudi kwao tu. Usimulilie. Akisikia sauti yako, atakuja kukubeba."

Nikameza kilio. Nilimwamini Kaku kuliko padri.

Chakula kikawa kama udongo mdomoni. Darasani nilitazama ukuta, nikiitwa sisikii. Wenzangu waliacha kuketi nami. "Musimuguse," walinong'onezana, "pacha yake anamuvuta." Niliona haya kana kwamba nanuka. Nikazoea kutoka wa mwisho, nisimlazimishe mtu kunikimbia.

Kila asubuhi tuliimba na kucheza mbele ya bendera ya chama tawala. Mdomo wangu haukufunguka. Mkurugenzi wa shule akamwita baba, akamsemesha kwa neno la Kifaransa la "raia", kama ilivyoamriwa enzi hizo.

"Citoyen, mutoto wako anakatala kuimba? Unamufundisha nini ku nyumba?"

Neno kama hilo lingeweza kumpotezea mtu kazi, au zaidi. Baba alivua kofia. "Iko na malaria, citoyen mkurugenzi. Malaria tu."

Njiani hakunitazama. Nilijua ananionea haya, nami nikamhurumia kwa kuwa na mtoto kama mimi.

Asha alikuwa mgeni shuleni, binti wa Waislamu kutoka Kibombo. Hakujua miiko ya kwetu. Wakati wa mapumziko alikuja uwanjani akakaa karibu nami, akimenya ndizi.

"Dada yako alikufa wakati gani?"

Alikufa. Hakuna aliyewahi kulitamka neno hilo mbele yangu. Nilifungua mdomo nimwambie pacha hafi, kikatoka kilio. Nililia hadi nikajikojolea, shule nzima ikitazama, wengine wakitimua mbio na kupiga kelele kwamba Mbuyi amefika. Asha hakukimbia. Alivua mtandio wake, akanifunga kiunoni, akanisindikiza nyumbani.

Kaku aliposikia, alijifunika uso. Siku zilizofuata hakuniacha hatua moja. Kila mara alinigusa paji la uso, akimngoja Mbuyi. Mbuyi hakuja. Ilikuja njaa. Nilikula fufu na sombe, nikaomba tena. Kaku akanitazama nikila, machozi yakimtiririka bila sauti, ndipo nikaelewa kwamba yeye pia alikuwa anangoja ruhusa.

Simlaumu. Alikuwa amepoteza mmoja, akaogopa kumpoteza wa pili. Lakini aibu ile, ya kuugua kitu kisicho na homa wala kidonda cha kuonyesha watu, haikuzikwa pamoja na Kaku alipofariki. Nimekuwa mwalimu, nimezaa, nimezeeka nayo. Nikisimulia habari za Mbuyi, siku zote nilikuwa naruka ile siku ya uwanjani.

Juzi niliwasimulia wanafunzi wangu yote, hata mkojo. Wengi walicheka. Msichana mmoja wa dirishani hakucheka. Alinikazia macho kama mtu aliyesikia anaitwa kwa jina lake. Uso wangu uliwaka, nikatamani kunyamaza. Sikunyamaza. Niliendelea kusimulia, kwa ajili yake.