Ardith Atakula Wapi?

Chuo cha Ransford kilipoamua kutoka kwenye ligi yake ya mpira, ule wa Kimarekani wa kubeba mikononi, mtu wa kwanza kuumia alikuwa Mama Haverkamp, na aliumia kichwani. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha saluni ya Verlene Stutzman, taulo mabegani, nywele za kushoto zimeshapunguzwa na za kulia bado, ndipo akaona huo ndio wakati mzuri wa kutoa habari. Mwanawe Trent ni mkurugenzi wa michezo wa chuo, kwa hiyo mama yule habari humfikia zikiwa bado za moto. Akaeleza, kwa ile sauti ya mtu anayejisifu huku akijifanya hajisifu, kwamba kuanzia msimu ujao Ransford inahamia ligi kubwa, ile ya kuonyeshwa kwenye televisheni, na hawa majirani tunaocheza nao kila vuli ndiyo basi tena.

"Na Mallory?" Verlene akauliza, maana chuo cha ng'ambo ya mto ndio mahasimu wetu wa jadi.

"Mallory ndio wa kwanza kuachwa. Trent anasema wanatuvuta nyuma."

Mkasi ukajifunga. Mama Haverkamp alitoka pale upande wa kulia ukiwa mfupi kuliko wa kushoto, na kanisani Jumapili mbili tatu alikaa benchi la mwisho kabisa, upande wa kulia, karibu na ukuta.

Mimi nimepanga chumba juu ya gereji ya Verlene tangu nikiwa mwanafunzi wa chuo hichohicho, kabla chuo na mimi hatujakubaliana kila mmoja ashike njia yake. Kwa hiyo siwezi kuwalaumu sana watu wanaotoka katikati ya jambo. Lakini Verlene namjua. Ni mjane, mwili mdogo, sauti ya trekta. Hajasoma Ransford hata siku moja, ila ukimsema vibaya Nyegere, ndilo jina la timu yetu, unaondoka na nywele zako kama ulivyokuja nazo. Koti lake la baridi ni la rangi ya machungwa, rangi ya timu. Kofia machungwa, glavu machungwa. Akisimama kando ya barabara asubuhi yenye ukungu, madereva wanadhani mbele kuna matengenezo.

Sasa watu wakafikiri analilia mpira. Hata mimi nilifikiri hivyo mwanzoni. Mpira ulikuwa kisingizio tu.

Iko hivi. Sisi na Mallory tunatenganishwa na mto na daraja moja, na mwaka huu mechi ikiwa kwetu, mwaka ujao iko kwao. Asubuhi ya mechi watu wanaegesha magari ya mizigo kwenye uwanja wa nje, makalio ya wenyeji yakitazamana na makalio ya wageni, wanashusha milango ya nyuma, wanawasha majiko. Wenyeji ndio wanaopika. Soseji zilizochemshwa kwanza kwenye bia kisha zikachomwa, saladi ya viazi, kabichi chachu, pai ya tufaha. Na mwenyeji hatii kitu mdomoni mpaka mgeni aliyeegesha mbele yake awe amekula, na sahani ya huyo mgeni lazima ipakuliwe na mkono uleule uliopika. Hutumi mtu. Unampakulia mwenyewe, unampa mkononi, unamtukania timu yake, anakula. Imekuwa hivyo tangu babu zao.

Nafasi za kuegesha watu wanarithi. Baba yake Verlene alikuwa na mbili zinazotazamana kila upande wa mto, kwa kuwa alikuwa na mabinti wawili na mmoja, Ardith, aliolewa Mallory. Ndiyo maana kila vuli gari la Verlene na gari la Ardith yalikuwa yanatazamana. Na kwa miaka mingi hiyo ilikuwa siku pekee ambayo madada hawa walisemeshana. Hakuna simu, hakuna kadi ya Krismasi. Sahani tu.

Ugomvi wao ulitoka kwenye jeneza. Mama yao aliishi miaka yake ya mwisho kwa Ardith kule Mallory, lakini alizikwa Ransford, kando ya mumewe. Siku ya kuaga mwili, Ardith aliingia ukumbini, akatazama, akamkuta mama yake amelala na skafu ya rangi ya machungwa shingoni. Skafu ya timu. Mama ambaye, kwa maelezo ya Ardith, alikuwa ameshahamia kijani cha Mallory kwa moyo wote, anakaa dirishani Jumamosi na kibendera chake. Ardith hakupiga kelele. Aligeuka, akaenda kukaa kwenye gari, na baada ya mazishi akavuka daraja bila kuaga. Mji mzima uliona. Huku kwetu mtu anaweza kukusamehe ukimgonga ng'ombe wake, lakini rangi za timu kwenye mwili wa mama, hapana.

Kwa hiyo Trent Haverkamp alipofuta ile mechi, alifuta siku moja aliyobaki nayo Verlene na mdogo wake.

Chuo kikaitisha mkutano wa watu wa mji, kwa adabu tu, maana karatasi zilikuwa zimeshasainiwa. Trent alisimama na picha zake ukutani, akatuonyesha ramani ya ligi mpya. Safari za ndege. Majimbo ambayo wengine wetu tunayajua kwa hali ya hewa kwenye taarifa tu. Akazungumzia fursa, akazungumzia upeo, akauliza kama kuna swali. Wakulima wakauliza kuhusu barabara na maegesho. Kisha Verlene akasimama, mwili wote machungwa.

"Sasa Ardith atakula wapi?"

Trent akatazama makaratasi yake kama vile jibu limo humo. Akauliza kwa upole Ardith ni nani, ni mchezaji, au ni mfanyakazi wa jikoni? Ukumbi mzima ulikuwa unajua Ardith ni nani. Hakuna aliyemwambia. Watu walianza kusoma viatu vyao. Verlene akaketi, Trent akamshukuru kwa mchango wake, tukaenda kunywa kahawa na biskuti.

Kulikuwa na matumaini madogo kwamba vyuo viwili vingecheza mechi ya kirafiki nje ya ligi. Mallory wakanuna. Wakatangaza kwamba hawana nafasi kwenye ratiba kwa ajili ya wasaliti, ingawa neno lenyewe walilivalisha suti kwanza. Hapo ndipo nilimwambia Verlene jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angemwambia: si umpigie simu tu? Akanitazama kama nimemshauri acheze uchi barabarani.

"Nimpigie nimwambie nini?"

Nikasema, mwambie hujambo.

"Hujambo ya nini, wakati hajanipakulia?"

Nikaelewa. Kwa watu hawa maneno hayatoki bila chakula mkononi, na chakula hakitoki bila mechi.

Msimu ukaanza. Nyegere wakapanda ndege, wakapigwa vizuri sana kwenye televisheni, wakarudi. Wakapanda tena. Hatimaye wakashinda moja mahali fulani penye joto, na mji ukashangilia kidogo, kama watu walioambiwa jirani wa zamani amepata mtoto. Novemba ikafika, ikafika na ile Jumamosi ya kuchezana na Mallory. Ligi mpya ilikuwa imetupa mapumziko wiki hiyo. Mallory walikuwa wanacheza kwao na Dunmore, chuo cha watu wa bluu kutoka kaskazini. Na kwa hesabu ya zamani, mwaka huo ulikuwa zamu ya Mallory kupika.

Asubuhi nilisikia gari la Verlene likiwaka. Nilichungulia nikaona amepakia kiti kimoja cha kukunja. Hakuchukua jiko, hakuchukua soseji wala pai. Mgeni haendi na chakula.

Yaliyotokea kule nimeyapata kwa Verlene, kisha nikayapata kwa Ardith, na hawakubaliani karibu kila mahali, hasa kuhusu nani alianza. Nasimulia pale wanapokutana.

Nafasi ya Verlene ilikuwa na gari la bluu. Kijana wa Dunmore na mkewe, wageni kabisa wa pale, wamesimama wanapuliza vidole kwa baridi. Upande wa pili Ardith alikuwa juu ya jiko na aproni ya kijani, sahani mkononi imeshajazwa, anakaribia kumpa yule kijana. Verlene akaegesha kwenye majani, kinyume cha sheria, akashuka, akaweka kiti chake katikati ya magari mawili, akakaa.

Ardith akaishusha sahani kidogo.

"Umepotea njia, dada?"

"Nimekuja kula."

"Mgeni wa leo ni Dunmore."

"Mimi nimeanza kula hapa huyu hajaota hata meno."

"Ninyi si mmehama? Mmeenda kwa wakubwa. Kwani huko kwenye ndege hawagawi karanga?"

"Waliohama ni kina Trent. Mimi nyumba yangu haina magurudumu."

Yule kijana, maskini, alikuwa amelelewa vizuri. Akasema yeye hana njaa sana, mama huyu achukue tu sahani yake. Akaipokea kwa Ardith na kumnyooshea Verlene. Madada wote wawili wakamfokea kwa pamoja. Ndiyo mara ya kwanza walikubaliana kitu tangu msiba. Ardith akamwambia ile ni yake, ale, na asijifanye mwenyeji kwenye jiko la mtu. Kijana akala amesimama, haraka, kama mwanafunzi anayesimamiwa.

Kisha Ardith akarudi kwenye jiko na kugeuza soseji ambazo hazikuhitaji kugeuzwa. Akiwa amempa mgongo dada yake akasema, "Miaka miwili ya mwisho mama alikuwa anatushangilia sisi. Na ulikuwa unajua."

"Alikuwa mgonjwa," Verlene akasema.

Hapo, Ardith anasema, kidogo amrushie koleo. Verlene anasema alikuwa anatania. Wote wanakubaliana kwamba aliyesema tena ni Verlene, bila ile sauti ya trekta.

"Shingo yake ilikuwa ya baridi, Ardith. Nilikwenda asubuhi kumtengeneza nywele, si nilikataa mtu mwingine asimguse? Nikamgusa hapa. Baridi. Nikavua skafu yangu nikamfunga. Ningekuwa nimevaa gunia ningemfunga gunia."

Ardith aligeuka.

"Ungesema."

"Ulikuwa kwenye gari. Halafu kila mwaka nikikuona tunaongea kabichi."

Ardith akachukua sahani mpya, akapakua. Soseji mbili, halafu akafikiri, akaweka ya tatu. Viazi. Kabichi nyingi kuliko anayopenda Verlene, na hilo Verlene anasisitiza lilikuwa la makusudi. Akaja nayo mpaka kwenye kiti, akampa mkononi.

"Timu yenu haijui kukaba," akasema.

"Bora sisi. Ninyi hamjui kukimbia," Verlene akasema, na akala.

Baada ya hapo likaja tatizo la mahali pa kukaa. Miaka yote walikula pamoja robo saa, kisha mmoja akaenda jukwaa la wageni na mwingine jukwaa la wenyeji, wakatazamana kwa mbali mpaka jioni, na aliyefungwa akaondoka bila kuaga. Leo jukwaa la wageni lilikuwa bluu tupu, tiketi zimekwisha. Lakini mume wa Ardith, Royce, alikuwa nyumbani na nyonga yake mbovu, na kiti chake kilikuwa wazi. Kilikuwa katikati kabisa ya kijani.

"Sivai chochote cha kwenu," Verlene akaonya.

"Nani kakuomba? Kaa tu, usinitie aibu."

Basi akakaa, nukta moja ya machungwa kwenye shamba la kijani. Wimbo wa Mallory ulipopigwa alisimama, kwa heshima ya wafu, alisema, lakini mdomo alifunga. Watu wa nyuma walimtania kuhusu Ransford na ndege zake, akawarudishia, wakampa chokoleti ya moto. Blanketi lilikuwa moja, la Ardith. Robo ya kwanza ya mchezo lilikuwa kwenye magoti ya Ardith peke yake. Robo ya tatu, theluji nyepesi ikianza kuanguka, lilikuwa kwenye magoti manne.

Na kwenye robo ya nne kijana mmoja wa Mallory, mwembamba, mbio nzuri, alikamata mpira pembeni ya mstari, akatoka nje, filimbi ikalia. Beki wa Dunmore akaja akampiga kikumbo hata hivyo, kofia yake ya kinga ikaruka. Refa alikuwa palepale. Hakurusha kitambaa chake cha njano cha kuonyesha kosa. Jukwaa zima lilikuwa bado linavuta pumzi, na juu ya kimya hicho ikatoka sauti ya trekta:

"Refa, wewe unaona au uko mazishini? Mtoto wetu huyo!"

Ardith akageuza shingo polepole.

"Mtoto wa nani?"

Verlene akavuta blanketi mpaka kidevuni na kusema alikuwa akizungumzia binadamu kwa ujumla. Ardith alicheka mpaka Royce, aliyekuwa anasikiliza redioni nyumbani kilomita kadhaa kutoka hapo, anaapa alimsikia.

Mallory wakashindwa. Madada wakabaki kwenye viti vyao watu wakipita, wakimsema refa, kisha wakasema habari za Royce na nyonga yake, na za wajukuu, mambo ambayo kila mmoja alikuwa ameyapata kwa watu tu. Wasafishaji walipofika na mifagio, Ardith akauliza mwakani siku kama hiyo Ransford wanacheza na nani.

"Na watu fulani wa mbali. Jina lao halinikai kichwani."

"Basi zamu yako ni ya kuwapikia hao."

"Watasubiri," Verlene akasema. "Utaanza kula wewe. Na uje na Royce, na mpunguzie kabichi huyo mtu, ndiyo inayomuua."