Jina la Mjomba kwenye Asiranse

Alimasi aliuza mafuta ya mawese katika soko la Kasongo. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na tangu azaliwe hakuwahi kuendesha chombo chochote chenye magurudumu. Hata baiskeli yake aliisukuma tu, madumu yakiwa yamefungwa nyuma, yeye akitembea ubavuni. Watu walishamzoea hivyo. Ndiyo maana siku aliyoingia katika ofisi ya bima, au asiranse kama wanavyoiita watu wa huko, akasema kwamba yeye ndiye mwendeshaji wa pikipiki, mpwa wake Hamadi aliinamisha kichwa ili uso wake usionekane.

Pikipiki ilikuwa ya Hamadi. Kijana huyo alikuwa mtoto wa marehemu dada yake Alimasi, na tangu aache shule alikuwa akichimba dhahabu Lusangi. Msimu mmoja wa mvua shimo likawafukia wenzake wawili aliokuwa akila nao sahani moja. Alimasi alikwenda mwenyewe kumchukua, akamkuta amekaa nje ya kibanda, hasemi, matope yamemkaukia shingoni. Kwa alichokuwa amekipata huko Hamadi akanunua pikipiki, awe motari, abebe watu na mizigo kati ya Kasongo na Wamaza. Mwanzoni alifanya kazi bila karatasi, akizunguka kwenye vijia vya mashambani kukwepa barieri, vizuizi vya barabarani, mpaka polisi wakamnasa na kuizuia pikipiki. Wakamwambia alete asiranse kwanza.

Wakala wa asiranse aliitwa Zéphirin, mtu wa tabasamu la haraka na shati lililopigwa pasi vizuri.

"Mwendeshaji iko na miaka ngapi?" aliuliza.

"Kumi na tisa," Hamadi akajibu.

Zéphirin akaweka kalamu chini. Akaeleza polepole, kama mtu aliyekwisha kulieleza jambo hilo kwa wengi, kwamba kwa vijana wa umri huo bei ilikuwa karibu mara tatu ya bei ya mtu mzima. "Si mimi ninayepanga. Vijana wanaanguka sana. Kampuni inaangalia hiyo tu."

"Na kama kijana hajaanguka hata mara moja?"

"Bei ni ile ile."

Hamadi alipiga hesabu. Kwa bei hiyo angefanya kazi kiangazi kizima kwa ajili ya karatasi tu, kabla ya kula na kabla ya kununua petroli. Mwishowe akasema, bila hasira, "Basi nirudi Lusangi."

Alimasi akasogea mbele ya meza. Hakufikiri. "Andika jina langu," alisema. "Ni mimi nitaendesha."

Zéphirin alimtazama yule mzee, akatazama viatu vyake vya mtu wa kutembea, akachukua kalamu na kuandika. Karatasi ikatoka, pikipiki ikaachiliwa, na kuanzia siku hiyo Alimasi akakosa raha.

Pale sokoni aligeuza meza yake ili aelekee barabara. Pikipiki ikipita kwa kasi, alisimama kidogo, akaangalia, akakaa tena. Akisikia watu wanapiga kelele mbali, aliacha dumu likimwagika. Hamadi akichelewa kurudi, alikiacha chakula akaenda kusimama njiani. Alimpa kijana amri nyingi: usiendeshe mvua ikinyesha, usibebe watu wawili, ukifika mlimani teremsha abiria atembee. Hamadi alikubali zote na kufuata zile alizoweza. Katika kazi ile, abiria ukimwambia ashuke atembee, kesho anamwita mwingine.

"Umejifunga kamba mwenyewe," mkewe Binti alimwambia. "Mutoto akivunja mutu, ni wewe umemvunja. Umefikiria hiyo?"

"Nimefikiria."

"Lini? Mbele ya kusema ao nyuma ya kusema?"

Alimasi akachukua dumu lake, akatoka.

Miezi ikapita hivyo. Kwenye barieri polisi walisoma karatasi, wakauliza Alimasi ni nani, Hamadi akasema ni mjomba, pikipiki ni ya nyumbani, wakamwacha. Kila alipopita salama, Hamadi alizidi kuzoea. Alimasi kwa upande wake aliona kama siku mbaya inasogea.

Ilikuja mchana, baada ya mvua. Hamadi alikuwa akitoka Wamaza na abiria mmoja, mwanamke mkulima aliyeitwa Régina, aliyekuwa akipeleka gunia la mpunga mjini. Kwenye mteremko wa udongo mwekundu gurudumu la nyuma liliteleza, pikipiki ikalala, na gunia likamwangukia Régina mguuni. Hamadi alichubuka mkono wote wa kushoto. Yeye akasimama, Régina hakuweza. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika.

Hapakuwa na mtu karibu. Hamadi akambeba mgongoni, damu yake mwenyewe ikichuruzika mpaka kwenye vidole, akatembea naye hadi penye nyumba za watu. Huko wakatengeneza machela ya miti, na vijana wakasaidiana kumfikisha hospitali ya Kasongo. Hamadi alipofika sokoni, mkono ukiwa umefungwa kitambaa, Alimasi aliinuka kabla hajaambiwa neno.

"Amekufa?"

"Hapana, mujomba. Ni mguu. Waganga wa hospitali wanasema lazima apasuliwe, wamuwekee chuma. Wanauliza kama kuna asiranse."

Alimasi akakaa. Akasema kuna asiranse, akasikia maneno hayo kama yametoka kwa mtu mwingine.

Kesho yake mume wa Régina alifika kwa baiskeli. Aliitwa Salomon, mtu mkubwa wa mwili, asiye na maneno mengi. Alimsalimia Alimasi kwa heshima, akamsikiliza, na aliposikia kwamba asiranse italipa, akashusha pumzi na kumshika mkono kwa mikono miwili. Mikono ile ilimwelemea Alimasi kuliko ambavyo tusi lingemwelemea.

Zéphirin alipoelezwa hakutabasamu. Alifunga mlango wa ofisi. "Kampuni italipa," alisema, "lakini kwa mwendeshaji aliyeandikwa. Madamu mumoja wa kampuni atakuja kutoka Kindu kuuliza. Atakuuliza wewe mzee, na atamwuliza mgonjwa. Mimi sijui ni nani alikuwa juu ya pikipiki, na sitaki kujua. Mumenielewa?"

Walimwelewa. Kwa hiyo uongo alioutoa Alimasi peke yake sasa ulihitaji mtu wa pili wa kuusema, na mtu huyo alikuwa amelala kitandani, paja limevimba, mguu umefungwa kwenye ubao.

Alimasi alikwenda kumwomba. Alizunguka sana na maneno: akauliza kama amekula, akauliza kuhusu watoto, akasifu mpunga wa Wamaza. Régina, aliyekuwa mwanamke wa kabila la Kibangubangu aliyezoea kusema mambo wazi, akamkata.

"Papa Alimasi, unataka niseme nini?"

Akamwambia.

Régina alitazama dari. "Kama hiyo ndiyo inaleta chuma ya mguu, nitasema. Mutoto alinibeba. Sina kinyongo naye." Kisha akaongeza, "Lakini mimi si mtu wa uongo. Ikinishinda, usinikasirikie."

Siku zilizobaki Hamadi alimfundisha mjomba wake uani. Alimwonyesha pa kukanyagia gia, breki ya mkono na ya mguu, mahali pa kuwashia. Alimasi alikaa juu ya pikipiki iliyozimwa, akikariri kama mtoto wa madrasa: ya kwanza, ya pili, punguza, kanyaga nyuma. Binti aliwatazama kutoka jikoni, akarudi ndani. Usiku Alimasi hakulala. Aliogopa kusahau, halafu akaogopa kukumbuka vizuri kupita kiasi.

Madamu wa Kindu aliitwa Esther-Divine. Alikuwa bado kijana, mpole, mwenye mkoba mdogo, na alianza kwa kumpa Alimasi pole ya ajali. Upole huo ulimtia hofu zaidi. Walikaa kwenye benchi nje ya wodi. Aliuliza jinsi alivyoteremka mlima, Alimasi akajibu kama alivyofundishwa. Aliuliza gia, akajibu. Aliuliza kama mvua ilikuwa inanyesha, akasema imekwisha kunyesha. Madamu akaandika yote. Alimasi alianza kuona kama mlango unafunguka.

Wakaingia ndani. Salomon alisimama upande wa kichwa cha mkewe. Hamadi alikuwa dirishani, mkono wake uliofungwa ameuficha nyuma.

"Mama, ni nani aliyekuwa anaendesha?" Madamu aliuliza.

"Huyu mzee," Régina akasema, macho kwenye shuka.

"Na mulipoanguka, ni nani aliyekusaidia?"

Uso wa Régina ukalainika mara moja. "Ule mutoto pale. Alinibeba mgongoni, njia yote ananiambia, mama vumilia, mama tumefika. Na yeye pia alikuwa na damu."

"Alitoka wapi, yule mutoto?"

Régina akafungua mdomo, akaufunga. Madamu hakumkaripia, alingoja tu, kalamu juu ya karatasi. "Mama, kwenye pikipiki mulikuwa watu wangapi?"

Salomon alimtazama mkewe, akamtazama Alimasi. Ilionekana kwamba hakuwa ameambiwa. Régina akaanza kulia bila sauti, machozi yakiteremka kuelekea masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali, na mkono wake ukawa unatafuta ukingo wa shuka ajifunike uso.

Alimasi hakuwa amepanga kusema kweli. Hata wakati huo bado palikuwapo njia: angeweza kusema kijana alikuwa nyuma yao, angeweza kusema walikuwa watatu. Maneno hayo yalimjia yote. Lakini mwanamke aliyevunjwa mguu na pikipiki ya nyumbani kwake alikuwa akigeuzwa mwongo mbele ya mumewe, na Alimasi ndiye aliyemweka hapo.

"Mwache mama," alisema. "Mimi sijui kuendesha. Ni mpwa wangu. Mama nilimwomba mimi."

Madamu akafunika kalamu yake. Alisema kwa masikitiko ya kweli kwamba kampuni haitalipa, na kwamba pesa iliyotolewa kwa ile karatasi haitarudi. Ana ruhusa ya kuwapeleka polisi, akasema, lakini ataandika tu kwamba maombi yameondolewa. Alimwachia Régina pole tena, akatoka. Zéphirin, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, alimfuata bila kuwatazama.

Salomon akamwomba Alimasi watoke nje. Huko, kwa mara ya kwanza, akapandisha sauti. Watu waliokuwa wakipika kwenye ua wa hospitali waligeuka. Alimwambia amemfanya mkewe kuwa mwongo, amekubali kushikwa mkono naye huku akijua, na sasa mguu utaoza kwa sababu ya mjanja mmoja wa soko. Alimasi hakujitetea. Maneno yalipokwisha, ni Hamadi aliyesema, "Tutauza pikipiki."

Waliiuza kwa mfanyabiashara mmoja, kwa bei ya mtu mwenye haraka. Alimasi akaongeza mafuta yake yote ya ghalani. Régina akapasuliwa, chuma kikawekwa. Nyumbani Binti alikasirika siku nyingi, si kwa sababu ya uongo, ila kwa sababu ya kweli. "Ungesema mulikuwa watatu," alirudia akichochea ugali. "Neno moja. Watatu." Alimasi alijua kwamba hakosei. Wakati mwingine, akiwa amekaa sokoni bila mafuta ya kuuza, alijiuliza kama ni huruma iliyomsemesha au ni woga uliomchosha tu.

Jambo lililomtisha zaidi ni kwamba Hamadi angerudi kwenye mashimo. Kijana alifunga nguo zake kweli. Lakini alielekea Wamaza. Mpunga wa Régina ulikuwa umeiva na hakuna wa kuuvuna, kwa kuwa Salomon alikuwa akienda na kurudi hospitali. Hamadi akafika kwao na kisu cha kuvunia, akaanza upande wa mtoni bila kuomba ruhusa. Salomon alimkuta huko. Inasemekana alisimama muda kwenye ukingo wa shamba, kisha akaingia na yeye, akavuna upande mwingine, na hawakusemezana siku ile.

Régina anatembea sasa kwa fimbo, mguu mmoja umekuwa mfupi kidogo. Mavuno yalipokwisha Hamadi hakurudi mjini. Salomon alimpa kipande cha shamba alime karanga. Wapita njia wanaotoka huko wanamletea Alimasi, ambaye amepata tena mafuta kidogo ya kuuza, habari, naye anawauliza kila mmoja swali lile lile: kijana anakula vizuri, hajasema neno la Lusangi? Wanamwambia hapana, hajasema. Anawashukuru, anawapimia mafuta, na akimwona mwingine anayetoka upande ule, anamwita pia.